Jicho la Wavu: Kuprinti Fulana kwa Skrini ya Kujitengenezea

Mvuvi wa mwaloni Musoma akienda kununua wavu haanzi na bei, anaanza na jicho. Wavu wa dagaa una macho ambayo hata kidole cha mtoto hakipiti. Wa sangara unapitisha ngumi. Akikosea jicho, hata injini yake iwe mpya, anarudi nchi kavu na maji matupu.

Skrini ya kuprintia ni wavu. Ni kitambaa chenye macho madogo sana kilichovutwa kwenye fremu. Unaziba macho usiyoyataka, unaacha wazi unayoyataka, kisha unaisukuma rangi ipite mpaka kwenye fulana. Mengine yote, tangu kiwanda cha kanga hadi chumba cha mwanafunzi wa sanaa pale Bweri, Musoma, ni namna tofauti za kufanya hilo hilo.

Nilichelewa kulielewa. Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa fulana za mahafali ya shule moja. Herufi zilitoka zimevimba, kingo zinavuja, na kila fulana ina sura yake. Nikailaumu rangi, nikanunua nyingine ya bei zaidi. Mambo yakawa yale yale. Fundi sofa aliyekuwa jirani akaja kuangalia, akakigonga kitambaa changu kwa kidole na kusema, "Hii imelegea." Akatoa pini zangu zote na kukivuta upya. Rangi ile ile niliyokuwa nimeitupia lawama ikatoka safi.

Kwa hiyo somo la leo halianzi dukani kwa muuza rangi. Linaanza kwa fundi seremala.

Pesa iende wapi

Wanafunzi wengi wanadhani bila mashine hakuna kuprinti. Mashine ya mikono minne inamfaa mwenye oda za mamia ya fulana. Wewe unayejifunza unahitaji vitu vifuatavyo, na karibu vyote viko Nyasho hapa Musoma, Bunda mjini au kwenye karakana yoyote ya mbao njiani kwenda Butiama:

- Mbao nyembamba ya inchi moja kwa mbili, kama mita mbili. Mabaki ya seremala yanatosha, mradi yamenyooka na yamekauka.
- Kitambaa cha skrini, au oganza ya poliesta, ile inayopamba kumbi za harusi.
- Pini na mashine ya kuzipigia. Mafundi sofa wanayo; omba kuazima kwa nusu saa.
- Mpira wa kuvutia rangi.
- Bawaba mbili na kipande cha plaiwudi cha kuwa meza.
- Kioo cha dirisha chenye kingo zilizosagwa, upana kama wa daftari kubwa.
- Selotepu pana ya maboksi, wembe, gundi nyeupe ya mbao, sponji, ndoo mbili.
- Rangi ya maji ya vitambaa.

Katika orodha hiyo, viwili tu vinastahili pesa yako nzuri: kitambaa na rangi. Fremu unaweza kuiunga mwenyewe, kioo kinaweza kutoka kwenye dirisha bovu, na meza ni kipande cha ubao. Kama mko watatu au wanne darasani, changeni kopo moja la rangi nyeusi na moja la nyeupe, agizeni Mwanza kwa pamoja. Ukijua kutumia nyeusi peke yake vizuri, umeshajua robo tatu ya kazi.

Fremu na kitambaa

Kwa mchoro wa ukubwa wa karatasi ya A4, nafasi ya ndani ya fremu iwe kama sentimita 35 kwa 45. Usiibane. Rangi inahitaji mahali pa kupumzika juu na chini ya mchoro, na mpira unahitaji njia. Unga kona kwa gundi na misumari, kisha pima toka kona hadi kona kwa mshazari: vipimo viwili vikilingana, fremu iko sawa. Ilaze juu ya meza tambarare; ikicheza, imepinda, na haitafaa kitu. Ipige msasa kingo zisichane kitambaa, halafu ipake vanishi, kwa sababu mbao isiyopakwa itakunywa maji kila unapoosha na baada ya mwezi itajikunja.

Sasa jicho. Kitambaa halisi cha skrini huuzwa kwa namba inayoonyesha idadi ya nyuzi katika sentimita moja. Namba 43 ndiyo ya fulana: macho yake yanapitisha rangi ya kutosha kufunika pamba. Ukitaka kuprinti karatasi, kadi au mchoro wenye mistari myembamba, panda hadi 77 au 90. Oganza haiandikwi namba, kwa hiyo itazame dhidi ya mwanga: nyuzi ziwe zimepangwa sawasawa, hakuna palipobana na palipoachia. Mita moja ya kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu hukupa vipande vinne vya sentimita 50 kwa 75, yaani skrini nne. Chandarua achana nacho. Macho yake ni makubwa mno kwa rangi.

Kuvuta ndiko kwenye kazi. Lowanisha kitambaa kwanza. Kitandaze juu ya fremu, nyuzi zikienda sambamba na mbao, si kwa mshazari. Piga pini moja katikati ya upande mmoja mrefu. Nenda upande unaotazamana nao, vuta kwa nguvu, piga pini katikati. Fanya hivyo kwenye pande mbili fupi. Kuanzia hapo sogea kuelekea kona, pini moja upande huu, moja upande ule, kila baada ya sentimita mbili au tatu. Weka utepe wa kitambaa kigumu chini ya pini ili zisikate oganza. Kikishakauka, kigonge kwa kidole: kinatakiwa kitoe sauti kama ngoma ndogo. Kikinyamaza, toa pini uanze tena. Hakuna rangi ya bei yoyote itakayokuponya na skrini iliyolegea.

Maliza kwa kukisugua kwa sabuni ya unga na sponji, pande zote mbili, kisha suuza. Mafuta ya vidole hayaonekani, lakini stensili, yaani kile kitakachoziba macho usiyoyataka, inayaona.

Mpira wa kuvutia

Mpira unaouzwa kwa ajili ya kazi hii una ukingo mnyoofu na ugumu wa wastani. Usipoupata, chukua ule wa kufutia vioo vya madirisha, lakini si wa kukaushia sakafu wenye sponji mbili, huo ni laini mno. Unaweza pia kubana kipande kinene cha mpira katikati ya vibao viwili na kukaza kwa skrubu. Jambo moja tu lisikosekane: ukingo uwe umenyooka kama rula. Ukiwa na pengo dogo, kila fulana itakuwa na mstari wake. Unyooshe kwa kuusugua juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo. Urefu wake uzidi upana wa mchoro kwa sentimita mbili tatu kila upande, na bado uingie ndani ya fremu bila kugusa mbao.

Stensili tatu, kwa mpangilio

Usiruke darasa. Anza na karatasi, nenda kwenye gundi, ndipo uje kwenye dawa ya picha.

*Karatasi.* Kata umbo kwenye karatasi nyembamba kwa wembe, ilaze juu ya fulana, teremsha skrini, vuta rangi. Rangi yenyewe itaibandika karatasi kwenye kitambaa. Utapata nakala kadhaa kabla karatasi haijalowa na kuchanika. Hapa unajifunza kufikiri kwa mashimo: ukikata herufi O, tumbo lake litadondoka, kwa hiyo acha daraja jembamba la kulishikilia, kama lilivyo kwenye maandishi ya magunia. Ukitaka stensili idumu zaidi, tumia karatasi ya stika yenye gundi nyuma, uibandike upande wa chini wa skrini.

*Gundi.* Chora kwa penseli juu ya kitambaa, kisha ziba kwa brashi na gundi nyeupe sehemu zote zisizo za mchoro. Acha ikauke kabisa, shika skrini dhidi ya mwanga, ziba vitundu vilivyobaki. Ukipenda mstari wenye uhai wa mkono, geuza kazi: chora kwa krayoni ya nta ukiikandamiza, funika skrini yote kwa tabaka moja jembamba la gundi, na ikikauka isugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Nta itayeyuka na kuondoka na gundi iliyo juu yake, mstari wako ubaki wazi. Fanya hivi nje, mbali na jiko. Gundi inalainika kidogo kidogo kwa rangi ya maji, kwa hiyo inafaa kazi ya fulana chache. Kwa mchoro utakaorudia mwaka mzima, ziba kwa vanishi badala ya gundi, ukijua skrini hiyo hutaisafisha tena kwa mchoro mwingine.

*Dawa ya picha.* Hii ndiyo inayokuwezesha kuprinti herufi ndogo na picha iliyotoka kwenye kompyuta. Ni ute unaopakwa kwenye kitambaa. Ukipigwa na mwanga huwa mgumu, usipopigwa huoshwa na maji. Unapoinunua, chagua ile iliyo tayari kwenye kopo au ya kuchanganya na kemikali iitwayo dayazo. Kuna inayochanganywa na unga wa rangi ya chungwa uitwao bikromati. Ni rahisi, na wengi wanaitumia, lakini inasababisha saratani, inaunguza ngozi na inaua samaki. Mwanafunzi anayefanyia kazi uani kwa mama yake hana sababu ya kuigusa.

Jua badala ya taa

Vitabu vingi vya ufundi huu vimeandikwa na watu wasio na jua la kutegemea, ndiyo maana vinakutaka ununue taa na kisanduku cha kumulikia. Musoma iko kama nyuzi moja na nusu tu kusini mwa ikweta. Taa unayo juu ya kichwa chako, na umeme ukikatika haijali.

Jioni, kwenye chumba chenye giza au taa ndogo nyekundu, mimina dawa kidogo na uitandaze kwa ukingo wa rula pana, tabaka jembamba pande zote mbili. Ilaze skrini ndani ya kabati, upande wa chini ukitazama chini, ikauke usiku kucha.

Mchoro uwe mweusi tii juu ya kitu kinachopitisha mwanga. Karatasi ya nailoni iliyotoka kwenye printa ya leza ni nzuri. Kama steshenari hawana, toa nakala kwenye karatasi ya kawaida, ipake mafuta ya kupikia kwa pamba upande wa nyuma, uikamue kwa gazeti mpaka isidondoshe. Itakuwa kama karatasi ya maandazi: pasipo na wino mwanga utapita.

Sasa panga kwa utaratibu huu, toka chini kwenda juu: ubao; sponji au vitabu vilivyofunikwa kitambaa cheusi, vikijaza nafasi ya ndani ya fremu; skrini, upande wake wa chini ukitazama juu; mchoro, maandishi yakisomeka kinyume; na kioo juu ya vyote kwa kukandamiza. Funika kwa blanketi, toa nje saa sita mchana, funua, hesabu, funika, kimbilia kwenye maji.

Uhesabu mpaka ngapi? Inategemea dawa yako, unene wa tabaka na mawingu ya siku hiyo, kwa hiyo pima. Chukua skrini ndogo, weka mchoro, kisha tumia boksi kuifunika kwa hatua: funua kipande kimoja kwa sekunde 20, sogeza boksi ufunue cha pili kwa sekunde 20 nyingine, na kadhalika mpaka vipande sita. Cha kwanza kitakuwa kimepata sekunde 120, cha mwisho 20. Osha. Palipoteleza na kuyeyuka, mwanga haukutosha. Pale ambapo mchoro umekataa kufunguka, mwanga ulizidi. Chagua kipande ambacho mchoro umefunguka wote na kingo zimesimama imara, uandike sekunde zake ukutani. Karatasi ya mafuta hutaka muda mrefu kuliko nailoni, kwa hiyo kila moja ipimwe peke yake.

Kwa kuosha, bomba la mgongoni la wakulima wa pamba wa Bunda linatoa mnyunyizo mzuri kuliko jagi. Ila liwe jipya. Lililowahi kubeba dawa ya wadudu usilisogeze karibu na kazi yako, hata likioshwa mara kumi.

Kuvuta rangi

Funga skrini kwenye plaiwudi kwa bawaba ili ishuke mahali pale pale kila mara. Chini ya kona mbili za mbele bandika boksi lenye unene wa kama milimita tatu. Skrini isilale juu ya fulana; iiguse tu pale mpira unapopita, kisha ijinyanyue yenyewe. Hapa ndipo kitambaa kilichovutwa vizuri kinapolipa: kilicholegea kinabaki kimenata na rangi inatambaa.

Ingiza ubao mwembamba ndani ya fulana ili rangi isipite mgongoni. Rangi iwe nzito kama mtindi. Ikitiririka kama maziwa itavuja. Weka mstari wa rangi juu ya mchoro. Skrini ikiwa imeinuliwa, pitisha mpira taratibu bila kukandamiza, rangi ijaze macho. Teremsha, inamisha mpira kama nyuzi 60, vuta kuelekea kwako kwa mkandamizo mmoja usiobadilika mwanzo hadi mwisho. Inua. Kabla ya kushughulika na fulana, pitisha tena rangi juu ya mchoro kama mwanzo. Tendo hilo dogo linazuia rangi isikauke machoni, na kwa joto letu rangi ya maji hukauka upesi kuliko unavyodhani. Fanya kazi asubuhi au kivulini, mbali na upepo wa ziwani, na usikatishe katikati kwenda kunywa chai.

Kwa rangi mbili, tandaza kanga ya mama uitazame vizuri. Hesabu rangi zake: karibu kila rangi ina skrini yake. Tafuta pale mbili zinapokutana, utaona ama zimepandana kidogo, ama zimeachana na mwanga mweupe umechungulia. Wewe zipandanishe kwa milimita moja au mbili, anza na rangi hafifu, malizia na iliyokolea. Weka alama za selotepu kwenye ubao kuonyesha mabega ya fulana yakae wapi.

Fulana gani

Rangi ya maji inapenda pamba. Fulana ya mtumba isiyo na lebo ipime kwa uzi mmoja na kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuwa kishanga kigumu. Kitambaa kipya cha amerikani kifue kwanza, maana wanga wa kiwandani huzuia rangi isiingie.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mifuko ya kitambaa imekuwa kazi nzuri kwa anayeanza: ni tambarare, haina mikono wala shingo, na ukiharibu mmoja hasara ni ndogo. Lakini ile myepesi ya sokoni inayofanana na karatasi ni plastiki pia. Ukiipiga pasi itayeyuka. Shona ya pamba.

Rangi ikikauka kabisa, siku ya pili iigeuze fulana ndani nje au weka kitambaa juu ya mchoro, piga pasi kavu ya moto kwa dakika tatu hadi tano ukiisogeza. Pasi ya mkaa inafaa, mradi majivu yasidondoke. Kopo likiandika muda mwingine, fuata kopo. Fanyia hivyo hivyo kipande cha majaribio cha kitambaa kile kile, kifue mara tano kabla hujamkabidhi mteja fulana. Kuna rangi nyingine nzito iitwayo plastisoli ambayo haikauki mpaka ipate joto la nyuzi kama 160. Bila mashine ya joto, iache. Na rangi ya ukutani tumia kujifunzia kwenye karatasi tu, maana kwenye fulana hupasuka.

Maji machafu

Usioshee skrini ziwani, hata kama ni hatua kumi kutoka mlangoni. Kwanza kwangua rangi yote irudi kwenye kopo, ni pesa yako. Kisha oshea kwenye ndoo, iache itulie mpaka kesho, maji ya juu yamwage kwenye udongo mbali na kisima na bustani, tope la chini likaushe juani na ulitupe na taka ngumu. Maji tunayoyachafua Makoko ndiyo tunayoyanywa Mwisenge.

Kazi ya kwanza

Usianze na oda. Chagua tarehe. Oktoba 14, siku ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, hupeleka wageni Butiama, na wengi hupenda kuondoka na kitu mkononi. Sura yake inaifaa skrini: paji pana la uso, nywele zilizorudi nyuma, masharubu mafupi. Chora kwa nyeusi na nyeupe tu, bila kijivu, kwa mkono wako mwenyewe. Picha ya mpiga picha mwingine ina mwenyewe, na sheria ya hakimiliki inamlinda. Ukiwa Bunda, barabara ya Mwanza na lango la Ndabaka la Serengeti vinakupa wapita njia. Mfuko wenye nyumbu mmoja aliyechorwa kwa mistari saba utauzika kuliko mbuga nzima iliyobanwa kwenye kifua cha fulana.

Anza mwezi Agosti. Wiki ya kwanza fremu, ya pili karatasi, ya tatu gundi, ya nne jua. Septemba yote rudia mchoro mmoja mpaka nakala ya ishirini ifanane na ya kwanza. Nakala mbovu zitundike ukutani, kila moja na sababu yake: mpira uliinama mno, rangi ilikuwa nyepesi, mkono ulisita katikati.

Na asubuhi ya kazi yenyewe, kabla hujafungua kopo, gonga kitambaa kwa kidole usikilize. Kikinyamaza, rudi kwenye pini.